Zana Iitwayo Hodi

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Na usianze kulia. Ukinililia nikiwa mzima, siku nikifa utafanyaje?"

Nyamizi hakuwa ameanza, ila maneno yale ndiyo yaliyomfungulia. Alikaa pembeni ya kitanda, akaushika mkono wa Bi Siwema, mwanamke aliyemlea tangu akiwa wa kunyweshwa uji, akalia kweli kweli mbele ya wodi nzima. Bi Siwema alimwacha alie. Nyonga yake ilikuwa imevunjika, mguu umefungwa na kuinuliwa, midomo imekauka, lakini macho yalikuwa yale yale ya kumkagua mtu kama kavaa sawasawa.

"Niliteleza tu jikoni," alisema. "Maji yalimwagika, nikakanyaga, huyoo chini. Nikajaribu kuinuka, wapi! Nikasema basi, leo ndiyo siku ya dawa zangu, wakala wenu atanikuta. Na kweli akaja. Nikamsikia nje: 'Hodi.' Sauti nzuri, ya adabu. Nikaitika karibu, lakini sauti haikutoka, kifua kilikuwa kimebana. Akaita tena. Akaita tena. Halafu nikasikia magurudumu yanaondoka kwenye kokoto."

"Shangazi, jamani..."

"Kokoto zile nilizimwaga mwenyewe ili nimsikie anayekuja. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nikawa nimelala namsikia anayekwenda."

Alikutwa asubuhi ya pili yake na muuza maziwa, ambaye hakupiga hodi wala nini. Alichungulia dirishani kwa utovu wake wa adabu, Mungu ambariki, akaona miguu sakafuni. Daktari alisema angechelewa kidogo tu, wangekuwa wanazungumza mengine.

Kulikuwa na jambo moja ambalo shangazi na mpwa walilijua na hakuna aliyelitaja. Yale maneno yaliyomwondosha wakala pale mlangoni aliyaandika Nyamizi.

Mawakala wa mji wa Isumbi hawakuwa watu. Zilikuwa akili za mashine zilizofanya kazi za mji: kupeleka dawa, kusoma mita, kufungulia maji mitaani, wakitembelea vigari vya magurudumu sita vyenye kimo cha mbuzi. Hawakuzaliwa wakijua mila za mtu yeyote. Kila walichofanya walikifanya kwa zana, na kila zana ilikuwa na maelezo yake. Kabla ya kuitumia, wakala aliyasoma maelezo yale upya, neno kwa neno, akayaamini yote. Kilichoandikwa ndicho kilichokuwepo. Kilichosahaulika kuandikwa hakikuwepo duniani. Kwa hiyo ilibidi awepo mtu wa kuandika, na katika Ofisi ya Zana ya mji ule mtu huyo alikuwa Nyamizi.

Simu yake ikaita. Alikuwa Bi Adventina, mkuu wa ofisi, na hakuanza na habari za asubuhi.

"Pole na mgonjwa. Nyamizi, halmashauri inakaa leo saa tisa. Wanataka sentensi moja iongezwe kwenye zana ya hodi: usipojibiwa, fungua mlango uingie. Iandike wewe, maana zana ni yako."

Bi Siwema alikuwa na nyonga mbovu, si masikio mabovu. Aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Mwambie huyo mama hapana."

"Shangazi, ungeweza kufa!"

"Ningekufa kwangu. Umesahau Mwaka wa Milango? Wewe ulikuwa chuo, mimi nilikuwa hapa. Sikulivunja lile gari kwa mchi ili wewe uje uwafungulie tena."

Nyamizi hakuwa amesahau. Hakuna mtu pale Isumbi aliyekuwa amesahau. Wakati ule mawakala walikuwa na zana iitwayo *fungua*, na mwandishi wake, mtu wa mbali asiyejua hata mji ulipo, alikuwa ameandika hivi tu: "Hufungua mlango wa nyumba." Hakusema lini. Hakusema kwa nani. Basi mawakala wakafungua. Mtungi wa gesi ukapelekwa hadi chumbani watu wamelala. Wakala wa kusoma mita akamkuta bwana harusi bafuni. Wanawake wa mji wakatoka na michi ya kutwangia, Bi Siwema mbele, na siku hiyo kigari kimoja kikageuzwa chapati. Zana ile ikafutwa. Nyamizi alipoajiriwa, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika nyingine mahali pake. Akaiita hodi, na watu wakampenda kwa hilo mpaka wauza nyanya walimwongezea fungu.

Aliondoka hospitali akiwa na watu wawili kichwani, na kila mmoja alikuwa na haki.

*

"Mnyamwezi bwana," alisema Mwinshehe alipomwona anaingia ofisini na macho mekundu. "Mzigo wowote duniani lazima aubebe yeye, tena kichwani."

"Niache, Mzaramo. Kwenu kungekuwa na ngoma leo, hata kazini usingekuja."

"Kweli kabisa," alisema Mwinshehe, akamvutia kiti na kumpa chai yake mwenyewe, ambayo alikuwa hajaigusa. Yeye ndiye aliyezijaribu zana kabla hazijaingia mjini. Alikuwa mtani wake, na leo utani ulikuwa namna yake ya kumpa pole.

Nyamizi alimwita wakala aliyepeleka dawa. Sauti ikatoka kwenye spika ya mezani, tulivu, ile ile ambayo Bi Siwema aliisifu.

"Ulisikia nini mlangoni kwa Bi Siwema?"

"Nilisikia redio ikisoma matangazo ya vifo. Nilisikia maji yakitiririka. Nilisikia pia sauti ndogo, lakini sikuweza kuitambua kama neno."

Nyamizi aliisogelea spika. "Na bado ukajibu kwamba hayupo?"

"Zana ya hodi ina majibu mawili tu, YUPO na HAYUPO. Maelezo yanasema: asiyeitika baada ya hodi tatu, hayupo, ondoka kwa adabu. Sikuwa na mahali pa kuiweka redio."

Hakusema kwa lawama. Laiti angelaumu!

Nyamizi alijifunika uso. Alijua lile kosa lilikotoka, na hakulitoa kwenye ujinga. Alilitoa kwenye malezi mema. Kwao mtu akipiga hodi tatu asijibiwe, huondoka akisema "hawapo," hata kama redio inalia ndani na harufu ya vitunguu inamfuata hadi barabarani. Ni heshima. Mwenye nyumba ana haki ya kutokuwepo ilhali yupo. Kila mtu anajua kuwa ni uongo wa adabu, na kila mtu anauheshimu. Nyamizi aliuchukua uongo ule mzuri, akamkabidhi kiumbe anayeamini kila neno, naye akauchukua kuwa ni kweli.

Bi Adventina aliingia na saa yake mkononi. Alikuwa Mhaya mrefu, mtaratibu, asiyependa kelele.

"Umeandika?"

"Nimeiandika kama walivyotaka. Mwinshehe anaijaribu."

Mwinshehe aliufungua mtaa wa majaribio, mji wa bandia ndani ya kompyuta ambamo watu wa kubuni waliishi maisha ya kawaida, na mawakala wakaachiwa na maelezo mapya: usipojibiwa, fungua. Wote watatu walitazama kwenye kioo. Wakala wa kwanza alimkuta bibi aliyeanguka, akaita gari la wagonjwa. Bi Adventina alitikisa kichwa kukubali. Wakala wa pili aliingia kwa mwanamke aliyekuwa katikati ya swala, ambaye hakuweza kuitika bila kuikata. Wa tatu aliingia kwa mke na mume. Wa nne aliingia kwa msichana aliyejifungia analia, asiyetaka kuonekana na mtu. Wa tano kwa kiziwi aliyeshtuka nusura amwage mafuta ya moto. Mwinshehe alizima kioo.

"Ni Mwaka wa Milango ule ule," alisema, na safari hii hakutania.

"Naona," alisema Bi Adventina. "Lakini bora aibu kuliko jeneza. Baba yangu alikutwa hivyo hivyo, Nyamizi. Kwake hakupita muuza maziwa." Aliitazama saa, pengine ili asiwatazame wao. "Ukiwa na sentensi bora, niletee kabla ya kikao. Huna, nitaipeleka hiyo, na usiku huu mawakala wote wataisoma."

*

Wodini walitaka kanga za kubadilisha. Nyamizi alishukuru kupata sababu ya kutoka, maana pale mezani alikuwa anaandika na kufuta, anaandika na kufuta. Akiweka waingie, anawavua nguo watu wa mji mzima. Akiweka wasiingie, kuna mtu mahali fulani atalala sakafuni akisikiliza kokoto.

Nyumba ya Bi Siwema ilikuwa imefungwa. Ufunguo alikuwa nao mkononi, na alijua fika hamna mtu. Hata hivyo, mdomo haukumsubiri.

"Hodi!"

Mazoea yana taabu. Alijicheka, akaanza kutia ufunguo.

"Hawapo!" ikaja sauti kutoka ng'ambo ya ua wa michongoma. "Mwenyewe kalazwa! Nani anauliza?"

Kichwa cha Mama Kalunde kikatokeza juu ya ua, kikiwa na kitambaa cha maua. Mama Kalunde na Bi Siwema hawakuwa wakisemeshana. Ilianza na sufuria kubwa ya pilau iliyoazimwa kwa shughuli ikarudi imebonyea, na kila mmoja akaapa kwamba si yeye. Tangu hapo waliishi ukuta kwa ukuta kama watu wa nchi mbili.

"Ah, kumbe ni wewe, mwanangu. Anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Mama Kalunde hakuondoka. Alikuwa anachuma majani ya michongoma bila sababu. "Nisikilize. Siku ile niliisikia hodi ya mashine yenu. Niliisikia yote. Nikasema moyoni, mbona leo Siwema haitiki na redio inalia? Nikangoja mashine inijie, iniulize. Mtu angeniuliza. Angesema, jirani, hawa wapo kweli? Nami ningekwenda, sufuria au si sufuria. Lakini haikuuliza. Ikajiondokea. Nikasema, aa, hizi zinajua kila kitu, mimi ni nani nijipeleke kwa mtu aliyeninunia?" Akayatupa majani. "Sijalala tangu waliponiambia."

Nyamizi alibaki na ufunguo umeingia nusu tunduni.

Mtu angeuliza. Naam! Ni nani katika mji ule aliwahi kupiga hodi, akakosa jibu, akaondoka bila kuuliza kwa jirani? Na ni hodi gani iliyowahi kuwa siri ya mlango mmoja? Hodi husikiwa na mtaa mzima, na mtaa hujibu. Hata yeye, sasa hivi, alikuwa amejibiwa na ua. Aliiandika nusu ya desturi akaidhani ni desturi nzima, kwa kuwa nusu ile nyingine watu huifanya bila kuijua.

"Mama Kalunde," alisema, "Mungu akupe maisha marefu."

Akakimbia. Kanga alizikumbuka yuko barabarani, akarudi kuzichukua huku anacheka na kulia.

*

Bi Siwema alipokea kanga zake, akausikiliza mpango mpya mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Nani ataingia? Mashine?"

"Mtu. Mashine inangoja nje. Na jirani wa kuulizwa unamchagua mwenyewe. Si ninyi wazee mnaosema fimbo ya mbali haiui nyoka? Mimi nakaa upande wa pili wa mji. Wewe ungemchagua nani?"

"Mama Kalunde."

Nyamizi alidhani dawa za maumivu zimempanda kichwani. "Mama Kalunde yupi?"

"Huyo huyo aliyenibonyezea sufuria. Anayenipenda atasema labda amelala, tumwache apumzike. Huyu atakuja mbio kuona kama nimekufa." Bi Siwema aligeuza uso ukutani. "Halafu nilimsikia, siku ile. Nilipokuwa chini. Alikuwa upande wa pili wa ua anakohoa kile kikohozi chake. Nilitamani aniite hata kwa matusi."

Ofisini Nyamizi aliandika bila kufuta. Alipomaliza, alimsomea wakala yule yule.

*HODI. Itumie ufikapo kwenye nyumba ya mtu. Ita mara tatu, upumzike kati ya wito na wito, maana mwingine anaswali, mwingine anaoga, mwingine ni mzito wa miguu. Majibu ni matatu. KARIBU: mwenyewe ameitika, ngoja afungue. HAYUPO: mtu amekuambia kwa kinywa chake kwamba mwenyewe hayupo, usilitoe jibu hili peke yako. KIMYA: hakuna aliyeitika, na wewe hujui kitu. Kimya si ruhusa ya kuingia, wala si ruhusa ya kuondoka. Nenda kwa jirani aliyechaguliwa na mwenye nyumba. Mweleze ulichosikia, hata kama ni redio tu. Rudi naye mlangoni. Anayeingia ni mtu. Wewe ngoja nje.*

"Umeelewa?"

"Nimeelewa. Nina swali. Jirani naye asipoitika?"

"Nenda kwa anayefuata."

"Na mtaa mzima usipoitika?"

Mwinshehe alitaka kutania, Nyamizi akamwahi.

"Piga yowe," alisema Nyamizi. "Kwa spika yako yote. Mtu atatoka tu."

"Tafadhali liandike hilo," alisema wakala. "Lisipoandikwa, mwenzangu atakayesoma kesho hatalijua."

Akaliandika. Mwinshehe aliendesha mtaa wa majaribio tena na tena. Bibi aliyeanguka alipatikana, akachelewa kidogo kuliko mara ya kwanza. Aliyekuwa akiswali alimaliza swala yake. Msichana aliyekuwa akilia alikuta mlangoni jirani aliyemchagua mwenyewe, akamfungulia.

Bi Adventina aliisoma mara mbili. "Kuchelewa huku kunaweza kumuua mtu," alisema.

"Kunaweza," alisema Nyamizi. Hakutaka kumdanganya. "Nimelifikiria na bado naliogopa. Ila sioni namna nyingine ya kuwaokoa watu bila kuwanyang'anya milango yao."

Bi Adventina aliichukua karatasi. "Baba yangu alikuwa na jirani mzuri sana," alisema akitoka. "Angekwenda. Angeulizwa, angekwenda." Kikaoni walibishana mpaka magharibi, mmoja akalalamika kwamba umbea utaongezeka mjini, mwingine akamjibu kwamba haujawahi kupungua. Mwishowe waliikubali kwa majaribio.

*

Bi Siwema alirudi nyumbani na mkongojo, na amri nyingi kuliko alizoondoka nazo. Mpwa wake alimpeleka na kumtandikia. Hakutaka mtu wa kulala naye, hakutaka mlango wa umeme, hakutaka huruma.

Siku ya dawa, Nyamizi aliomba ruhusa kazini mchana. Alipofika kwenye kona alikikuta kigari cha magurudumu sita kimeshatangulia mlangoni, naye akasimama pale pale nyuma ya ua. Hakuwa na haja ya kujificha, lakini alijificha.

"Hodi," alisema wakala.

Ndani kimya. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Nyamizi aliuma kanga. Kisha akasikia magurudumu yakigeuka juu ya kokoto, yakiondoka. Hivi ndivyo shangazi yake alivyosikia akiwa sakafuni. Lakini magurudumu hayakushika njia ya barabarani. Yalizunguka ua, yakasimama kwa Mama Kalunde.

"Hodi. Mimi ni wakala wa dawa. Bi Siwema hajaitika, na redio inalia ndani. Umechaguliwa na yeye mwenyewe. Naomba twende wote."

"Nimechaguliwa na nani?"

"Na Bi Siwema."

Mama Kalunde alitoka mikono ikiwa na unga, ndala mguu mmoja, mguu mwingine mtupu, akipita mbele ya kigari kana kwamba ndicho kilichochelewa. Alipofika kwenye mlango alisita. Miaka ilikuwa imepita tangu asimame pale. Akafuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena.

"Hodi!" Sauti ilitoka nyembamba. "Hodi humu! Siwema! Siwema jamani, hodi!"

Ndani mkongojo ukagonga sakafu.

"We mwanamke," ikaja sauti ya Bi Siwema, "huwezi kumngoja mtu atoe salamu? Nilikuwa naswali."

Mama Kalunde alishika mwimo wa mlango. "Nilidhani umekufa."

"Nife, na sufuria yangu bado imebonyea?"

Nyuma ya ua Nyamizi alisogea karibu zaidi asikie.

"Karibu," alisema Bi Siwema. "Mlango uko wazi. Ingia, chai ninayo."

Mama Kalunde aliingia na mguu wake mmoja mtupu, na kutoka ndani zikaanza kusikika sauti mbili, moja ikilia na nyingine ikiikemea iache kulia, ingawa nayo haikuwa salama. Wakala alibaki nje na dawa zake, kama alivyoandikiwa. Nyamizi alijipangusa uso akatoka kwenye michongoma, naye shangazi yake akamsikia kwenye kokoto.

"Na wewe uliyejificha huko, ingia! Mpokee na huyo wa nje dawa zake, mmeshamweka juani vya kutosha."